Una TV Sebuleni, Unataka Monita: Jaribu Kwanza, Lipa Baadaye

Biashara ikianza kukua, laptopu ndogo huanza kubana. Daftari la mauzo lina safu kumi na tano na unaona saba tu. Ukifungua risiti upande mmoja na hesabu upande wa pili, maandishi yanakuwa madogo kama chungu. Mwanafunzi anayesoma mtandaoni naye ana shida iyo hiyo: mwalimu yuko kwenye skrini, noti hazina pa kukaa. Wengi wetu tukifika hapo, wazo linalokuja ni moja tu: ninunue monita.

Kabla hujafungua simu kulipa, angalia ukutani. Ile TV mnayotazamia habari jioni inaweza kuwa ndiyo skrini unayotafuta. Pia inaweza isiwe, na ukweli huo ni bora uujue leo bila gharama kuliko kesho ukiwa umeshalipa. Makala haya yanakuonyesha jinsi ya kupima mwenyewe, kwa vitu ulivyo navyo nyumbani, ndipo uamue kama pesa itoke au ibaki.

Kwa nini inawezekana kabisa

Zamani TV na kompyuta zilikuwa vitu viwili mbali mbali. TV ya chogo ilipokea mawimbi kwa antena, na kompyuta ilikuwa na tundu lake la VGA, ambalo limekuwepo tangu 1987. Kuziunganisha ilikuwa kazi ya fundi.

Mambo yalibadilika HDMI ilipoingia mwaka 2002. Waya mmoja ukaanza kubeba picha na sauti pamoja, na waya huo huo ukatumika kwa king'amuzi, deki, mashine ya michezo na kompyuta. Hapa Kenya, matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015, nyumba nyingi ziliachana na TV za chogo na kununua TV bapa za dijitali. Nyingi kati ya hizo zina angalau tundu moja la HDMI nyuma au ubavuni.

Kwa hivyo swali sio kama laptopu yako itaonekana kwenye TV. Mara nyingi itaonekana. Swali ni kama utaweza kusoma maandishi kwa saa nne au sita bila kichwa kuuma. Sinema na hesabu za duka ni vitu tofauti. Uso wa mtu kwenye sinema ukififia kidogo hakuna anayejali. Lakini 3 ikionekana kama 8 kwenye orodha ya madeni, hiyo ni pesa.

Ukubwa wa TV sio ukubwa wa nafasi

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Tunadhani TV ya inchi 43 itaonyesha vitu vingi kuliko monita ya inchi 24 kwa sababu ni kubwa. Sivyo. Kinachoamua vitu vingapi vinaingia ni pikseli, yaani vile vidoti vidogo vinavyotengeneza picha. Inchi zinaamua tu kila kidoti kitakuwa kikubwa kiasi gani.

TV zilizo madukani na majumbani zinaangukia makundi matatu:

- HD au HD Ready. Nyingi zina pikseli 1366 kwa 768, yaani kama milioni 1. TV nyingi za inchi 32 za bei nafuu ziko hapa.
- Full HD. Pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni 2. Hiki ndicho kiwango cha monita nyingi za kawaida za ofisini.
- 4K au UHD. Pikseli 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Ni Full HD nne zikiwa zimepangwa pamoja.

Sasa fanya hesabu. Laptopu nyingi za mtumba zina skrini ya 1366 kwa 768. Ukiiunganisha na TV ya HD ya inchi 32, hujaongeza hata safu moja ya Excel. Umepanua tu zile saba ulizokuwa nazo. Kama shida yako ilikuwa macho, umesaidika. Kama shida ilikuwa nafasi, bado uko pale pale.

Tahadhari moja: usiamini kile kompyuta inachokwambia. TV nyingi za HD Ready hupokea picha ya 1920 kwa 1080, kisha huibana ndani ya vidoti vyake vichache. Windows itaandika 1920 × 1080 na wewe utafurahi, lakini herufi zitakuwa na ukungu. Ukweli uko kwenye kibandiko cha nyuma. Andika namba ya modeli, itafute mtandaoni kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, na usome idadi ya pikseli za kioo chenyewe.

Chukua tepu, pima umbali

TV imetengenezwa itazamwe kutoka kwenye kochi. Monita imetengenezwa ikae mbele yako, umbali wa mkono hivi. Ukiiweka TV pale ambapo monita ingekaa, jicho linaanza kuona vidoti kimoja kimoja, na herufi zinakuwa na kingo za ngazi ngazi.

Kwa mtu mwenye macho ya kawaida, vidoti huanza kupotea machoni kwa umbali wa takriban hivi:

- Monita ya inchi 24, Full HD: karibu mita 1
- TV ya inchi 32, HD: karibu mita 1.8
- TV ya inchi 32, Full HD: karibu mita 1.3
- TV ya inchi 43, Full HD: karibu mita 1.7
- TV ya inchi 43, 4K: chini kidogo ya mita 0.9

Haimaanishi huwezi kukaa karibu zaidi. Hata monita ya ofisini watu huikalia karibu kuliko mita moja na wanafanya kazi vizuri. Lakini kadiri unavyosogea ndani ya umbali huo, ndivyo maandishi yanavyozidi kuchokoza macho. TV ya HD ya inchi 32 kwenye meza ya kawaida ni mateso. TV ya 4K ya inchi 43 kwenye meza pana ni raha, ukipata namna ya kuisogeza nyuma kidogo.

Ukirudi nyuma vidoti vinapotea, ila herufi nazo zinapungua machoni. Hapo utahitaji kuongeza ukubwa wa maandishi kwenye kompyuta, pengine hadi asilimia 125 au 150. Ukiongeza, nafasi inapungua tena. Kwa TV ya Full HD ya inchi 32 iliyo mita 1.3 mbali, tarajia kufika huko. Ndiyo maana tunasema pikseli ndizo mtaji, na inchi ni namna tu ya kuutumia.

Angalia pia urefu wa TV kutoka sakafuni. TV iliyotundikwa juu ukutani itakufanya uinue shingo siku nzima. Sehemu ya juu ya skrini inafaa iwe usawa wa macho au chini kidogo. Kama TV yenu imefungwa kwa bolti juu ya kabati, hilo pekee linaweza kumaliza mjadala.

Waya gani unahitaji

Usinunue chochote kabla hujachungulia matundu ya vifaa vyote viwili.

*Laptopu ina HDMI na TV ina HDMI.* Hii ndiyo njia rahisi. Kebo ya kawaida ya mita moja na nusu inatosha, na kwa Full HD huhitaji ile ya bei ghali yenye ncha za dhahabu. HDMI ni dijitali. Waya ukiwa mbovu utaona picha ikikatika au vidoti vinavyometameta, hutaona rangi "dhaifu kidogo".

*Kompyuta ya mezani ya ex-UK yenye VGA pekee.* Kama TV nayo ina tundu la VGA, mara nyingi limeandikwa "PC", tumia kebo ya VGA na waya mdogo wa sauti. Kama TV haina, utahitaji adapta yenye kifaa cha kubadilisha ndani. Waya mtupu wenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili haufanyi kazi hiyo, hata muuzaji akiapa. Analogi haigeuki dijitali kwa waya mtupu.

*Tundu la DisplayPort.* Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika zina hili, linalofanana na HDMI lakini kona moja tu imekatwa. Adapta ya DisplayPort kwenda HDMI kwa kawaida hufanya kazi bila shida.

*Laptopu mpya yenye USB-C tu.* Hapa kuwa makini. Sio kila tundu la USB-C linatoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha faili pekee. Tafuta modeli ya laptopu yako na uhakikishe kabla ya kulipia adapta.

*Bila waya.* Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K na laptopu itatafuta TV za smart zilizo karibu. Kwa kuonyesha picha za harusi ni sawa. Kwa kuandika siku nzima sio sawa, kwa sababu mshale wa mausi huja nyuma ya mkono.

Nusu saa ya majaribio

Sasa unganisha, kisha fuata hatua hizi kwa mpangilio. Azima kebo kwa jirani kama huna. Kebo ya king'amuzi pia inafaa, wenye nyumba wakikubali kukosa habari kwa nusu saa.

1. Chagua namna ya kuonyesha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. "Duplicate" inaonyesha kitu kimoja kwenye skrini zote mbili. Shida yake ni kwamba mara nyingi skrini zote zinalazimika kutumia pikseli sawa, na TV inashushwa kiwango hadi cha laptopu. Chagua "Extend" ili TV iwe meza ya pili, au "Second screen only" ili itumike TV pekee.

2. Weka pikseli halisi za TV. Fungua mipangilio ya skrini na uchague ile idadi uliyoisoma kwenye modeli. Usichague ya juu zaidi kwa sababu ipo tu kwenye orodha.

3. Angalia kingo nne. Je, saa ya chini kulia inaonekana yote? Kama mstari wa chini wa Windows umekatwa nusu, TV inapanua picha na kuchinja kingo. Ni tabia ya enzi za TV za chogo, ambazo kingo zake hazikuwa safi. Usirekebishe kwenye kompyuta, rekebisha kwenye TV. Chukua rimoti, ingia sehemu ya ukubwa wa picha, tafuta chaguo lenye jina kama "Just Scan", "Screen Fit", "Full Pixel" au "Dot by Dot". Jina hubadilika kulingana na kampuni, kazi ni ile ile: kidoti kimoja cha kompyuta kiwe kidoti kimoja cha TV. Hatua hii pekee huondoa ukungu kwenye TV nyingi.

4. Iambie TV kwamba hii ni kompyuta. Kwenye TV nyingi unaweza kubadilisha jina la tundu la HDMI. Ukiliita "PC", baadhi ya TV huacha mambo mengi ya "kupendezesha" picha na kuonyesha kile kilichotumwa tu.

5. Shusha ukali wa picha. Sehemu iliyoandikwa "Sharpness" huchora mstari mweupe kuzunguka vitu ili sinema ionekane kali. Kwenye herufi, mstari huo unakuwa kivuli. Ishushe hadi sifuri au karibu na hapo, uone kama herufi zimetulia. Punguza pia mwangaza. TV hutoka dukani ikiwa imewekwa iwake kushinda taa za duka, na usiku itakuchoma macho.

6. Pima rangi za maandishi. Fungua Word, andika sentensi moja nyeusi juu ya nyeupe, kisha nyingine nyekundu juu ya nyeusi. Kama nyeusi ni safi lakini nyekundu imetapakaa kama wino kwenye karatasi mbichi, TV yako inapunguza habari za rangi. Kwenye sinema haionekani. Kwa anayechora mabango au kadi za harusi, hiyo ni shida ya kweli. Hatua ya 4 wakati mwingine huitibu.

7. Pima uvivu wa mausi. Zungusha mausi haraka. Kama mshale unafuata kama mtu aliyechoka, tafuta "Game Mode" kwenye mipangilio ya picha na uiwashe. Kama TV ni 4K na mshale unaruka ruka, huenda laptopu au kebo yako inatoa picha 30 tu kwa sekunde kwenye kiwango hicho. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya HDMI 2.0 ya mwaka 2013 haziwezi zaidi. Shuka hadi 1920 kwa 1080, mwendo utarudi laini.

8. Fanya kazi ya kweli. Hapa ndipo hukumu inatoka. Fungua lile daftari lako la hesabu, herufi za ukubwa wa 11, na uingize mauzo ya wiki nzima. Kama baada ya dakika ishirini unakunja macho au umeinama mbele, mwili umeshajibu.

Laptopu ikivunjika kioo

Kuna hali moja ambapo TV inafaa hata ikiwa ni ya HD Ready na ina ukungu. Laptopu imeanguka, kioo kimepasuka, na ndani kuna hesabu za chama za miaka mitatu. Fundi anataka pesa ya kioo kipya na wewe hujui hata kama mashine nzima bado iko hai.

Unganisha TV kwanza. Washa laptopu, subiri, andika nenosiri lako kama kawaida hata kama huoni kitu, kisha ubonyeze Enter. Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza P mara moja, subiri kidogo, bonyeza tena, hadi picha itokee kwenye TV, kisha Enter. Ikitokea, umejua mambo mawili: mashine ni nzima, na data ipo. Hamisha faili zako kwenye flashi leo hii. Ukienda kwa fundi utakuwa unajadili bei ya kioo, sio unabembeleza kumbukumbu zako. Na ukiamua kuitumia laptopu hiyo kama kompyuta ya mezani, ikiwa na TV na kibodi, hiyo pia ni sawa.

Stima nayo ni gharama

Kile ulichookoa dukani kinaweza kurudi kupitia tokeni. Soma wati kwenye kibandiko cha nyuma. Tuseme TV yako inakula wati 50 na monita ambayo ungenunua inakula wati 20. Kwa saa 8 kwa siku, TV inatumia uniti 0.4 na monita uniti 0.16. Tofauti ni uniti 0.24 kwa siku, au uniti 6 na kidogo kwa siku 26 za kazi. Angalia ujumbe wa mwisho wa tokeni, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, kisha zidisha kwa 6. Hiyo ndiyo gharama ya mwezi. Kwa TV ya inchi 32 wengi wataona ni kidogo. Kwa TV kubwa ya inchi 55 hesabu inabadilika.

Kumbuka pia kwamba kompyuta ikilala, TV nyingi hazilali nayo. Hubaki zikiwaka na maneno "hakuna mawimbi". Zizime kwa rimoti. Na kama mtaani kwenu stima hurudi kwa kishindo, TV guard ilinde vyote viwili, maana sasa vimeunganishwa kwa waya mmoja.

Skrini kubwa, macho mengi

Hili ndilo jambo ambalo watu hawalifikirii. Laptopu inaonwa na mtu mmoja. TV ya inchi 43 inaonwa na watoto, mgeni aliyekuja kusalimia, na mpita njia dirishani. Ikiwa dukani, inaonwa na foleni nzima.

Ukifungua taarifa ya akaunti yako kwenye TV, unaonyesha salio lako, majina ya wateja, namba zao za simu na kiasi walicholipa. Hizo namba sio zako peke yako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, jina na namba ya simu ya mteja ni data binafsi, na anayezikusanya ana wajibu wa kuzilinda. Kwa hivyo:

- Tumia "Extend", sio "Duplicate". Taarifa za pesa zibaki kwenye laptopu, kazi nyingine iende kwenye TV.
- Zima arifa kabla ya kuunganisha. Ujumbe wa benki au nambari ya siri ya mara moja ukitokea kwenye TV, kila mtu ameusoma.
- Usirushe skrini ya simu kwenye TV ukiwa unalipa. PIN hatuandiki mbele za watu, na TV ni mbele za watu.
- Kama TV ni ya smart, usiingie kwenye akaunti zako za pesa kupitia kivinjari cha TV yenyewe. Nenosiri likihifadhiwa humo, anayefuata kushika rimoti ameshaingia. Acha TV iwe kioo tu, akaunti ifunguliwe kwenye kompyuta yako.
- Geuza TV isitazame mlango wala dirisha.

Kama utanunua TV ya mtumba kwa kazi hii

Wapo wasio na TV wala monita, na TV iliyotumika inaonekana kuwa na bei nzuri. Ukienda Luthuli Avenue pale Nairobi au kwa muuzaji wa mtaani kwenu, nenda na laptopu na kebo yako. Usikubali kuonyeshwa video ya samaki na maua. Video hizo zimechaguliwa ili kila TV ionekane nzuri. Unganisha laptopu yako, fungua ukurasa mweupe mtupu, utafute vidoti vilivyokufa, mistari na sehemu zenye kivuli. Kisha pitia hatua ya 2 hadi ya 7, muuzaji akiwepo. Jaribu kila tundu la HDMI, na uulize rimoti iko wapi, kwa sababu bila rimoti hatua ya 3 hadi ya 5 zinaweza kukushinda.

Halafu ndipo tunafika kwenye pesa:

Usitume arbuni kwa TV ambayo hujaiona. "Tuma kidogo nikuwekee, kuna mtu mwingine anaitaka" ni maneno ya kawaida sana. Anayetaka kuuza kweli atakusubiri ufike. Vivyo hivyo "tuma pesa ya boda kwanza".

Lipa kwa namba ya till ya duka, sio namba binafsi ya kijana wa duka. Kabla hujathibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu. Lisipofanana na jina la duka, simama na uulize.

Ujumbe wa malipo sio risiti ya TV. Unathibitisha kwamba pesa ilienda. Hausemi ulinunua nini. Omba risiti iliyoandikwa modeli, namba ya mashine, tarehe, na siku ngapi unaweza kurudisha. Ipige picha, uihifadhi pamoja na ujumbe wa malipo.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, wasiliana nasi mara moja kupitia njia rasmi zilizo kwenye programu. Usimsikilize mtu anayekupigia akisema atakusaidia kurudisha pesa ukimpa PIN. Hatutakuuliza PIN kamwe.

Na kama ulikuwa unafikiria mkopo wa simu kwa ajili ya monita, fanya kwanza yale majaribio. Mkopo una tarehe ya kulipa hata kama kifaa kimekaa kwenye kona.

Ni wakati gani ununue monita tu

Kuna watu ambao TV haitawafaa, na kuwaambia vinginevyo ni kuwapotezea muda. Nunua monita kama:

- unaandika au kusoma maandishi zaidi ya saa nne kila siku na TV yako ni HD Ready;
- meza yako ni nyembamba na TV haiwezi kurudi nyuma;
- unafanya kazi ya rangi, picha au michoro na TV imeshindwa jaribio la hatua ya 6;
- TV ni ya familia nzima, na muda wako wa kazi ndio muda wao wa kutazama. TV ya bure inayoleta ugomvi kila jioni sio ya bure;
- TV ni ya aina ya OLED. Rangi zake ni nzuri sana, lakini mstari wa Windows ukikaa mahali pamoja kila siku unaweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo.

Kwa wengine wote, hasa wenye TV ya Full HD ya inchi 32 au ndogo zaidi, au ya 4K ya inchi 43, huenda jibu liko tayari nyumbani. Mwenye duka anayefunga hesabu saa moja kila jioni, mwalimu anayefundisha kwa video, katibu wa chama anayetaka wanachama wote waone michango kwenye kikao, hawa TV inawatosha kabisa. Gharama yao ni kebo.

Azima kebo leo, fanya ile nusu saa ya majaribio, na uandike mahali matokeo yako: modeli, pikseli, umbali, na dakika ngapi ulifanya kazi kabla macho hayajalalamika. Ukiamua kununua monita baada ya hapo, utaingia dukani ukijua unatafuta nini, na muuzaji atalitambua hilo kwa maswali utakayouliza.